Kodi za vyumba Tabora mjini: zimepanda kweli mwaka hadi mwaka, au ni maneno ya SGR?

Mwalimu wa Ipuli – 16 Februari 2025

Wadau habarini. Naomba mwongozo, hasa kwa wakazi wa Tabora mjini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga Ipuli. Ni chumba na sebule, choo na bafu ndani, jiko liko nje na tunalitumia kwa zamu. Niliingia Februari 2021 kwa 60,000 kwa mwezi, nalipa miezi mitatu mitatu, na tangu hapo kodi haijaguswa. Juzi mwenye nyumba kaniita. Kasema kuanzia Aprili ni 80,000, na anataka miezi sita kwa mkupuo. Sababu yake: mji umepanda, reli ya kisasa (SGR) inakuja, kila mtu kapandisha.

Sina ugomvi naye. Ni mzee mstaarabu, bomba likipasuka anakuja na fundi siku hiyohiyo. Ninachotaka ni ukweli wa soko kabla sijamjibu. Kazini mmoja ananiambia Tabora hakuna kilichopanda, mwingine anasema chumba cha elfu thelathini siku hizi hukipati hata kwa kusali. Kwenye magrupu ya WhatsApp kila dalali ana bei yake. Kuna mtu mwenye kumbukumbu za bei za mwaka hadi mwaka, zilizoandikwa, siyo za kukisia?

Swali la pili. Wenzangu wananishauri nichukue mkopo wa mshahara ninunue kiwanja pembeni ya mji kabla bei haijapaa. Hapo napo nashindwa kupima.

---

Dalali Ng'ambo – 16 Februari 2025

Mwalimu, mimi nakushauri ulipe. Tabora ya leo siyo ya 2021. Mkataba wa SGR Makutupora–Tabora ulisainiwa Desemba 2021, Tabora–Isaka ukafuata Julai 2022, Tabora–Kigoma Desemba 2022. Vipande vitatu vyote vinakutana hapa kwetu! Nyumba nzima ya vyumba vitatu yenye fensi, nikiitangaza asubuhi, jioni nimeshapata mtu wa mradi na habishani bei. Chumba na sebule Ipuli natangaza 80,000 hadi 90,000. Ukitoka hapo hurudi tena kwenye 60,000.

---

Mama wa Isevya – 16 Februari 2025

Mwanangu Mwalimu, soma taratibu, maana nitaandika kirefu.

Nina nyumba Isevya yenye vyumba sita vya uani ninavyopangisha. Nimestaafu ukarani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, na kazi ile ilinifundisha kwamba bei isiyoandikwa haina ushahidi. Kila chumba nimekiandikia mpangaji, kodi na tarehe.

Nalinganisha Novemba kwa Novemba, na nina sababu. Novemba wanafunzi wa vyuo vyetu, Uhazili, Chuo cha Ardhi na AMUCTA, wamesharipoti, vyumba vimejaa, na mvua zimeanza kwa hiyo watu hawapendi kuhamahama. Ukichukua bei ya Novemba ukaiweka kando ya bei ya Septemba, utasema soko limeanguka. Hakuna kilichoanguka, ni wanafunzi wamekwenda likizo. Mtu anayekwambia "mwezi wa tisa nilipata chumba kwa 25,000, leo wananiambia 35,000" hajakupa habari ya mwaka, kakupa habari ya msimu. Mwezi kwa mwezi uleule, chumba kwa chumba kilekile. Bila hivyo usimsikilize mtu.

Sasa hesabu zangu. Novemba 2021 vyumba vyote sita vilikuwa vya kawaida, choo cha nje, 25,000 kila kimoja. Jumla 150,000. Mwaka 2022 nikavifanyia ukarabati viwili, nikavitia choo ndani, vigae na dari la jipsamu, vikawa masta. Novemba 2022 vile vinne vya kawaida vilikuwa 30,000 na masta mbili 70,000 kila moja. Jumla 260,000.

Tazama hapo. Mtu akichukua jumla yangu atasema kodi za Isevya zimepanda kwa asilimia 73 ndani ya mwaka mmoja. Lakini chumba cha kawaida kilipanda kutoka 25,000 hadi 30,000, yaani asilimia 20, na hiyo ni baada ya kukaa bila kuguswa tangu 2019. Kilichobaki chote ni kwamba vyumba vyenyewe vimebadilika. Mji mzima ndivyo ulivyo sasa. Kila anayejenga anajenga masta, hakuna tena anayejenga chumba cha choo cha nje. Kwa hiyo "bei ya chumba Tabora" inapanda mdomoni mwa watu hata pale ambapo hakuna mpangaji hata mmoja aliyeongezewa kodi. Yule mwenzako anayesema vya elfu thelathini hakuna, kasema kweli kwa upande mmoja: vinapungua. Vilivyobaki bei yake haijapaa.

Novemba 2023 sikuongeza hata shilingi. Novemba 2024 masta nikazipeleka 75,000, vile vya kawaida nikaviacha 30,000. Jumla 270,000. Kutoka 260,000 hiyo ni kama asilimia 3.8 kwa miaka miwili. Hii ndiyo picha ya uani kwangu, na majirani ninaokaa nao kwenye kikoba hawako mbali na hapo.

Kuhusu reli, dalali hajadanganya, ila watu wa mradi wanataka nyumba nzima, fensi, sehemu ya kuegesha gari. Nyumba za namna hiyo zimepanda, hilo naliona hata mimi. Chumba na sebule cha mwalimu kiko soko jingine. Na treni yenyewe ya abiria imeanza Dar hadi Dodoma mwaka jana, kwetu bado wanajenga. Kodi ya Aprili isidaiwe kwa treni ambayo haijafika.

Ila mwenye nyumba wako naye hajakosea yote, na hili nakwambia ingawa halitakufurahisha. Miaka minne hajakugusa. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Ukizizidisha moja juu ya nyingine, 60,000 ya 2021 ni karibu 67,000 kwa 2024. Akikutoza 67,000 hajapandisha kitu, karudisha thamani yake tu. Swali ni hiyo 13,000 iliyobaki kufika 80,000. Hapo ndipo umwombe maelezo: kaongeza nini, na chumba kama hicho mtaani kwenu kimepangishwa kwa kiasi gani? Nasema kimepangishwa. Kutangazwa ni jambo jingine.

Na usiangalie kodi ya mwezi peke yake. Zamani ulikuwa unatoa 180,000 kwa mpigo. Sasa anataka 480,000. Kwa mshahara wa mwalimu hilo ndilo ongezeko kubwa kuliko yote, na halionekani popote watu wanapolinganisha bei. Kama ni mimi ningepigania miezi mitatu kabla sijapigania elfu kumi.

Jambo la LUKU pia, yaani umeme wa kulipia kabla. Umeme unanunua wewe? Mita ni yako peke yako?

---

Mwalimu wa Ipuli – 16 Februari 2025

Shikamoo mama. Asante sana, nimesoma yote.

Mita ni yangu peke yangu, LUKU nanunua mimi.

---

Mama wa Isevya – 17 Februari 2025

Marahaba mwanangu.

Basi kodi ya jengo unailipa wewe. Ilipoanza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021 ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu Julai 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Tangu Julai 2023 wewe hulipi 60,000, unalipa 61,500. Tangu mwanzo hadi leo umeshamlipia zaidi ya elfu hamsini. Umwambie kwa adabu, wenye nyumba wengi hawajawahi kulifikiria maana hawanunui umeme wenyewe. Mimi wapangaji wangu wanatumia mita moja kwa hiyo makato nayabeba mwenyewe.

---

Fundi Chemchem – 17 Februari 2025

Naunga mkono mama, niongeze upande wa ujenzi kidogo.

Watu wanasema kodi zinapanda sababu vifaa vimepanda. Ni kweli vimepanda. Julai 2023 serikali iliweka tozo ya shilingi 20 kwa kilo ya saruji, mfuko wa kilo 50 ukaongezeka 1,000 hapohapo, na Tabora hatuna kiwanda cha saruji, kila mfuko unabeba nauli yake kutoka mbali. Umeme nao: kuunganishwa mjini kulikuwa 27,000, Januari 2022 kukarudi 320,960. Anayejenga masta leo lazima aitoze zaidi.

Lakini Mwalimu, chumba chako kilijengwa zamani. Saruji ya 2025 haimo kwenye ukuta wake. Mzee anaweza kudai gharama ya rangi na kubadilisha bati, hilo halali yake. Asikudai gharama ya nyumba ambayo hajaijenga.

Na mambo ya msimu aliyosema mama yapo kwetu pia. Tofali la kuchoma tunafyatua na kuchoma kiangazi, Juni hadi Oktoba. Februari kama sasa udongo umelowa, kuni zimelowa, tofali lililopo ni la akiba na mwenye nalo anajipangia bei. Mtu akinunua Agosti akalinganisha na Februari anasema ujenzi umepanda nusu nzima. Angoje Agosti nyingine ndiyo alinganishe.

Kuna kingine kilichobadilika, ila kinakwenda kinyume. Zamani nyumba yenye kisima au tanki kubwa ilikuwa na bei ya peke yake, kwa sababu maji ya Bwawa la Igombe hayakuwa yanatutosha. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike, wateja hawaulizi tena kisima, wanauliza kama bomba linatoka ndani.

---

Mtu wa Mwanga, Kigoma – 17 Februari 2025

Napita tu kutoka Kigoma, lakini mada hii imenigusa. Hilo la mwezi kwa mwezi lina mtego mmoja. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Pale Kibirizi wavuvi na wachuuzi wa dagaa waliopanga wengi wakarudi makwao, vyumba vikabaki wazi, wenye nyumba wakashusha. Sasa ukilinganisha Julai 2024 na Julai 2023 utaona kodi imeporomoka. Ukiifanya Julai 2024 kuwa mwanzo wa hesabu, mwaka wowote ambao ziwa liko wazi utaonekana una ongezeko la ajabu, kumbe ni kurudi pale palipokuwa. Kabla ya kulinganisha miaka miwili, uliza kwanza kama mwaka wa nyuma ulikuwa mwaka wa kawaida.

---

Mama wa Isevya – 17 Februari 2025

Umenena ndugu yangu wa Kigoma. Kwetu mtego wa aina hiyo ni tumbaku. Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa na malipo yakitoka, wakulima wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wanakuja mjini kununua viwanja na mabati. Msimu wa 2022/23 zao lilikuwa kubwa kuliko ule wa nyuma yake, na viwanja vikasogea. Mwaka huo mtu asiufanye ndio kipimo cha kila mwaka.

---

Mpimaji Cheyo – 17 Februari 2025

Nimesoma Chuo cha Ardhi hapahapa, nafanya kazi ya upimaji. Nijibu swali la pili la Mwalimu kwa sababu naona limesahaulika.

Viwanja na kodi za vyumba haviendi pamoja. Kodi inalipwa na mshahara wa mpangaji, kwa hiyo mshahara usipoongezeka kodi inagonga ukuta. Kiwanja kinanunuliwa na matumaini. Ndiyo maana unaweza kukuta kodi Ipuli imesogea kidogo sana ilhali viwanja vya Malolo au Itonjanda vinatajwa kwa bei mara mbili ya miaka mitatu iliyopita. Angalia neno "vinatajwa". Kazini nakutana na viwanja vyenye kibao cha "kinauzwa" ambavyo vimekaa hivyo mwaka hadi mwaka na bei inaongezwa kila Januari. Hakuna aliyenunua kwa bei hiyo. Hiyo haijawa bei ya soko.

Ukitaka kulinganisha viwanja kwa haki:

Tumia bei kwa mita ya mraba. Ishirini kwa ishirini ni mita 400. Kikiuzwa milioni 2 ni 5,000 kwa mita. Mwaka unaofuata wakikuuzia cha mita 600 kwa milioni 3, watu watasema viwanja vimepanda milioni nzima. Ni 5,000 ileile.

Usichanganye kilichopimwa na kisichopimwa. Chenye hati ya miaka 33, 66 au 99 ni bidhaa tofauti na chenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa. Eneo likipimwa, bei inaruka mara moja. Mruko huo ni wa karatasi, hautajirudia mwaka unaofuata. Wengi wananunua baada ya mruko wakidhani ndiyo kwanza mwanzo.

Kuna pia maeneo ambayo watu walilipwa fidia kupisha mradi, wakahamia upande mmoja wakiwa na fedha taslimu. Bei ya upande ule inapanda kwa miezi kadhaa kisha inatulia. Usinunue katikati ya miezi hiyo.

Sasa mkopo wako. Tuseme riba ni asilimia 13 kwa mwaka. Maana yake kiwanja lazima kipande zaidi ya 13 kila mwaka, kwa bei ya kuuzika kweli, ndipo uwe umepata kitu. Na siku ya kuuza, kama huna kumbukumbu za gharama zako, Mamlaka ya Mapato (TRA) wanachukua asilimia 3 ya bei ya mauzo, ndiyo sheria tangu 2023. Kama unanunua ili ujenge na uishi, hesabu ni nyingine na mimi nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono. Kama unanunua kwa kuogopa kwamba bei itapaa, ngoja. Nenda kwanza ofisi ya ardhi ya manispaa uulize namba ya kiwanja na jina la mmiliki. Hapo peke yake utaokoa fedha nyingi.

---

Dalali Ng'ambo – 18 Februari 2025

Mama, heshima yako. Nimerudi kwenye simu yangu nikaangalia vyumba na sebule vyenye choo ndani nilivyofunga, yaani vilivyopata mpangaji kweli, Ipuli na Kiloleni tangu Oktoba. Nilivitangaza 80,000 na kuendelea. Vimefungwa 70,000, 75,000, kimoja 65,000 kwa sababu mteja alilipa mwaka mzima. Mwaka juzi muda kama huu nilikuwa nafunga 65,000 hadi 70,000. Kwa hiyo kupanda kupo, ni kwa elfu tano hivi ndani ya miaka miwili. Sikutaka Mwalimu apotee kwa bei yangu ya tangazo.

Jambo moja tu mama usinikatalie: mji huu unakua. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoa watu 2,291,623, ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Hao wote hawaji mjini, lakini watoto wao wanakuja kusoma na kutafuta kazi. Watapanga wapi?

---

Mama wa Isevya – 18 Februari 2025

Sikukatalii mwanangu, na ahsante kwa kuzitoa hizo bei za kufunga. Hizo ndizo tulizokuwa tunazitafuta. Watu wanaongezeka, na vyumba vinaongezeka pia. Ukipita Ipuli, Mwinyi, Malolo utaona misingi mipya kila upande, na karibu yote ni ya kupangisha. Mimi mwenyewe Novemba 2023 sikupandisha kwa sababu masta yangu moja ilikaa wazi tangu Agosti. Jirani alikuwa amefungua nne mpya mtaa wa nyuma. Hapo nilijifunza kuhesabu na vyumba vitupu. Chumba cha 80,000 kilichokaa wazi miezi mitatu kinamwingizia mwenye nyumba 720,000 kwa mwaka, sawasawa na cha 60,000 kisichokaa wazi hata siku moja. Mwalimu, mwambie mzee hesabu hiyo. Mpangaji anayelipa kwa wakati miaka minne ana thamani yake, na mzee anaijua.

---

Mwalimu wa Ipuli – 20 Februari 2025

Nimekaa na mzee jana jioni. Nilimwandikia kwenye karatasi: 60,000 ya 2021 kwa mfumuko ni kama 67,000, vyumba kama changu vimefungwa 65,000 hadi 75,000, na makato ya LUKU yako kwangu. La LUKU alishtuka kweli. Hakulijua.

Alianza na 75,000 kwa miezi sita. Tumefika 70,000, miezi mitatu mitatu kama zamani, na ile 1,500 ya kila mwezi naitoa kwenye kodi. Kwa hiyo mkononi nitamlipa 68,500. Ameomba tu nisimpangishe mtu mwingine ndani, jambo ambalo sikuwa na mpango nalo.

Kiwanja nimekiweka kando mpaka Agosti. Nataka nikajenge, si kuuza, na nitaanza kwa kwenda manispaa.

Swali la mwisho, mama. Anasema mkataba tuandike wa mwaka mmoja "na kodi itaangaliwa upya". Hiyo imekaa sawa?

---

Mama wa Isevya – 20 Februari 2025

Hongera mwanangu, na mpe mzee salamu zangu.

Hayo maneno yamekaa wazi mno. Andikeni mwezi: kodi itaangaliwa Aprili 2026, kwa kulinganisha na bei zilizofungwa Ipuli kwa chumba na sebule chenye choo ndani, na taarifa itolewe miezi mitatu kabla. Andikeni pia kwamba makato ya kodi ya jengo yatatolewa kwenye kodi kwa kiasi kitakachokuwapo wakati huo, msitaje 1,500, maana ilishawahi kuwa 1,000. Nakala mbili, sahihi zenu wawili, na mjumbe ashuhudie. Risiti za LUKU zitunze zote.